Ushirika uliohamia shamba: uchambuzi wa kisa cha Charles Robert Ashbee, nyumba yake na mafundi wake

## Kwa nini kisa hiki

Wanaoanzisha vikundi vya mafundi huuliza mapema kuhusu mtaji, soko na katiba. Swali la siku kazi itakapokauka huulizwa mwisho, na mara nyingi haliulizwi kabisa. Nimechagua kisa cha msanifu majengo Mwingereza ambaye hakukosa kipaji, wala marafiki wenye fedha, wala mafundi hodari, wala mke wa kusaidiana naye. Ushirika aliouanzisha uliishi miaka 20, kazi zake zikasifiwa hadi Vienna, kisha ukafilisika. Naamini chanzo cha kuanguka kwake ni uamuzi mmoja uliofanywa kwa nia njema na kwa kura.

Majina ya mafundi, ya wake zao na ya wenye nyumba wa mji waliohamia nimeyaacha, pamoja na alama ambazo zingewatambulisha. Waliobaki na majina ni watu wa historia, maana bila wao kisa hakielezeki.

## Usuli

Charles Robert Ashbee alizaliwa mwaka 1863 huko Isleworth, pembeni mwa London. Baba yake, Henry Spencer Ashbee, alikuwa mfanyabiashara tajiri na mkusanyaji mashuhuri wa vitabu. Mama yake, Elisabeth, alitoka katika familia ya Kiyahudi ya Hamburg, Ujerumani. Baba alitaka mwana aingie kwenye biashara. Mwana akaenda King's College, Cambridge, akasoma historia, na huko akakutana na mawazo ya waandishi John Ruskin na Edward Carpenter: kwamba kazi ya mikono inamjenga mtu, na kwamba udugu wa watu wa tabaka mbalimbali si ndoto. Alipotoka Cambridge alijifunza usanifu kwa G. F. Bodley, mjenzi wa makanisa, lakini malazi yake yalikuwa Toynbee Hall, nyumba ya huduma katikati ya umaskini wa London Mashariki.

Pale Toynbee Hall alikuwa akiwasomesha vijana maandishi ya Ruskin. Darasa likachoka kusoma tu, likaanza kupamba chumba cha kulia kwa mikono yake. Kutoka kwenye kazi hiyo ulizaliwa Guild of Handicraft mwaka 1888, ukiwa na wanachama 4 na mtaji wa pauni 50. Katika makala hii nitauita Ushirika. Mwaka 1891 ulihamia Essex House, nyumba kubwa ya karne ya 18 kwenye Mile End Road. Humo palikuwa na maseremala, wachongaji, wahunzi, wafua fedha na masonara. Wengi wa waliofua fedha hawakuwahi kufunzwa kazi hiyo popote. Waliijua kwa kujaribu na kuharibu. Hiyo ndiyo sababu vyombo vyao vya miaka ile vina alama ya nyundo iliyoachwa wazi na vishikio virefu vilivyopindwa kama utepe. Vinapendeza kwa namna ambayo chombo cha kiwandani hakiwezi.

Hapa familia inaingia, na tangu hapa haitoki tena. Mwaka 1893 wazazi wa Ashbee walitengana. Mama na mabinti walikaa upande wa mwana, na baba na mwana hawakupatana tena. Ashbee akamjengea mama yake nyumba namba 37 Cheyne Walk, Chelsea, iliyokamilika mwaka 1894, na mapambo ya ndani yakafanywa na Ushirika. Kwa hiyo makao ya mama yakawa pia mahali pa mteja kuona kazi ya mafundi. Baba alifariki mwaka 1900, na hazina ya vitabu vyake ikaenda British Museum.

Septemba 1898 Ashbee alimwoa Janet Forbes, binti wa dalali wa hisa wa London. Bwana alikuwa na miaka 35, bibi 20. Kabla ya ndoa alimwandikia barua akamweleza wazi kwamba mapenzi na urafiki wake kwa wanaume wenzake ndiyo yaliyokuwa mwongozo wa maisha yake hadi wakati ule, na kwamba yeye angekuwa mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Janet alisoma, akakubali. Anayechambua kisa hiki asiipite barua hiyo haraka. Inaonyesha kwamba Janet aliingia akijua kuwa anaolewa na mtu ambaye tayari ana ukoo mwingine, yaani wale mafundi.

Mwaka huohuo Ushirika uliandikishwa kuwa kampuni ya hisa. Wanahisa wa nje walikuwa hasa marafiki na watu wenye kuiamini kazi; mafundi nao walikuwa na hisa, na mwakilishi wao aliketi kwenye bodi. Tena mwaka huo, matbaa ya Kelmscott, ya msanii na mwandishi William Morris, ilipofungwa, Ashbee alinunua mashine zake za mkono na kuwachukua baadhi ya wachapaji wake, akaanzisha Essex House Press.

## Mambo yalivyofuatana

Kufikia mwaka 1901 mkataba wa pango la Essex House ulikuwa unakaribia kwisha. Palihitajika mahali pengine. Ashbee alikuwa ameutazama mji wa Chipping Campden, katika vilima vya Cotswold, Gloucestershire, zaidi ya kilomita 120 kutoka London. Ulikuwa mji uliotajirika kwa biashara ya sufu karne nyingi nyuma, una barabara moja ndefu ya nyumba za mawe ya rangi ya asali. Kilimo cha Uingereza kilikuwa kimedorora tangu miaka ya 1870, vijana wameondoka, nyumba nyingi ziko tupu. Palikuwapo pia kiwanda cha zamani cha hariri, kikavu, chenye ghorofa za kutosha.

Mwishoni mwa mwaka mafundi walipiga kura. Waliotaka kuhama walishinda. Ashbee alifurahi mno, na katika shajara yake aliuita mji mkuu Babeli. Mwaka 1902 wakahama: mafundi wapatao 50, na pamoja na wake na watoto jumla ya watu kama 150, wakiingia katika mji ambao haukufikia watu 2,000.

Kiwanda cha hariri kikagawanywa. Chini walikaa wachapaji, ghorofa ya katikati wafua fedha na masonara, juu maseremala na wachongaji. Vijana wasio na familia walipewa nyumba ya kukaa pamoja. Ashbee na Janet wakaingia Woolstaplers' Hall, nyumba ya wafanyabiashara wa sufu ya karne ya 14, iliyoko kwenye barabara kuu hiyohiyo.

Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa na furaha ya kweli, wala sitaki mtu aipuuze kwa sababu tunajua mwisho. Palichimbwa bwawa la kuogelea na watoto wa mji wakafundishwa kuogelea. Kila mwaka palichezwa tamthilia za zama za Elizabeth, na mafundi ndio waigizaji. Mwaka 1904 ilifunguliwa shule ya sanaa na ufundi, ikipokea msaada wa serikali ya mkoa, ikifundisha uchongaji, kupika, kulima bustani na mengine, kwa watoto wa mafundi na wa wenyeji pamoja. Janet aliongoza nyimbo, alipokea wageni waliokuja kwa treni kutazama ajabu hii, aliwakaribisha wanagenzi mezani pake, na usiku aliandika.

Kwa wenyeji mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mshahara wa fundi wa London ulizidi sana wa kibarua wa shamba. Wenye nyumba waliwaona wapangaji wapya kama neema, na waliokuwa wakilipa kodi ndogo wakaona nafasi yao ikisongwa.

Kuanzia mwaka 1905 hesabu zilianza kuonyesha hasara. Oda zilipungua. Duka kubwa la London lilikuwa limekwisha kuanza kuuza vyombo vya fedha vya mtindo uleule, vikitengenezwa Birmingham kwa mashine kwa sehemu kubwa na kumaliziwa kwa alama za nyundo ili vifanane na kazi ya mkono. Bei yake fundi wa Campden hakuiweza. Walikuwapo pia mabibi wenye mali waliofanya ufundi kama burudani, wakauza kwa bei isiyolipa hata mshahara wa siku, kwa sababu hawakuhitaji mshahara. Ushirika uliendelea kutengeneza vitu bila oda, vikajaa ghalani. Mwisho wa mwaka 1907 ikaamuliwa kampuni ifilisiwe kwa hiari, na mwaka 1908 shughuli hiyo ikakamilika.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuhama ulikuwa na sababu nzuri. Pango lilikuwa linakwisha. Nafasi ilikuwa finyu. Moshi wa Mile End ulikuwa unaua watoto, na mafundi wenyewe walikuwa mababa. Juu ya hayo palikuwa na imani ya Ashbee kwamba kazi njema haiwezi kutenganishwa na maisha mema, na kwamba maisha mema hayako kwenye mtaa wa mabanda. Angeweza kuamuru. Hakuamuru, aliwauliza. Hilo lilikuwa jambo adimu kwa mwajiri wa zama zake.

Lakini tazama nani aliulizwa. Kura ilikuwa ya mafundi. Wake zao, ambao wangeacha mama zao, soko lao, majirani wa kuwaachia mtoto dakika kumi, hawakuwa na kura. Janet mwenyewe hakuwa mwanachama wa kupiga kura, ingawa mzigo wa kuigeuza jamii ya mtaa wa London kuwa jamii ya shamba ungemwangukia yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kutomwachisha mtu kazi wakati oda zimepungua. Wengine huuona kama ulegevu wa moyo. Mimi nauona kama tokeo la lazima la uamuzi wa kwanza. Mile End, fundi aliyekosa kazi Jumatatu angevuka barabara akatafuta karakana nyingine, akarudi Ushirika ukipata nguvu. Campden hapakuwa na karakana nyingine. Kumwachisha sonara katika mji wa wakulima kulikuwa sawa na kumwambia yeye na mkewe na watoto wafunge mizigo tena. Ashbee hakuweza kufanya hivyo kwa watu aliowaleta mwenyewe. Kwa hiyo Ushirika uliwalipa kutengeneza vyombo ambavyo hakuna aliyeviagiza.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kutofuata mashine. Angeweza kununua mashine ya kukandamiza bati la fedha, akamaliza kwa mkono, akashindana na duka lile. Alikataa kwa kuwa hiyo ingefuta maana ya jambo zima. Miaka michache baadaye, mwaka 1911, yeye mwenyewe aliandika kwamba ustaarabu wa sasa umesimama juu ya mashine, na kwamba elimu ya sanaa isiyolitambua hilo haina msingi. Kubadilika huko kulimgharimu, na namheshimu kwa kulisema hadharani.

## Matokeo

Wanahisa walipoteza fedha zao, mafundi wakiwemo. Baadhi ya familia zilirudi mijini au zikaenda nchi nyingine. Wengine walibaki. Joseph Fels, Mmarekani tajiri wa sabuni kutoka Philadelphia aliyeamini kwamba ardhi inaweza kumwokoa mfanyakazi, alisaidia kununua ekari 70 hivi karibu na Campden, ili mafundi waliobaki wachanganye kilimo kidogo na ufundi. Wazo lilikuwa zuri, ila fundi aliyezaliwa lami haamki mkulima kwa kupewa jembe. Hata hivyo wengine waliweza. Karakana moja ya wafua fedha, iliyoendelezwa na fundi mmoja baada ya kampuni kufa, ingali ikifanya kazi mpaka leo katika ghorofa ileile ya kiwanda kilekile cha hariri, mikononi mwa uzao wa ukoo wake.

Nje ya Uingereza mambo yalikwenda kinyume na hesabu za Campden. Kazi za Ushirika zilionyeshwa Vienna mwaka 1900 kwenye maonyesho ya Secession, kundi la wasanii wa mji huo, na mwaka 1903 wasanii Josef Hoffmann na Koloman Moser walipoanzisha Wiener Werkstätte, yaani karakana za ufundi za Vienna, Ushirika wa Ashbee ulikuwa mmoja wa mifano waliyoitazama.

Ashbee aliendelea na usanifu, akazuru Marekani kwa mihadhara, mwaka 1917 akaenda kufundisha Cairo, na kuanzia 1918 hadi 1922 akawa mshauri wa mji wa Jerusalem chini ya utawala wa Waingereza, akiitumikia Pro-Jerusalem Society, chama cha kuuhifadhi mji huo. Huko alitengeneza njia ya kutembea juu ya kuta za mji wa kale, akarudishia soko la zamani la pamba na kuweka humo mafundi wa kufuma. Alifariki mwaka 1942.

Na nyumbani? Miaka 13 ya ndoa ilipita bila mtoto. Janet alipitia kipindi kigumu cha kuvunjika moyo na afya. Kisha, mwaka 1911, akazaliwa binti wa kwanza, wakafuata wengine watatu hadi 1917. Ninasitasita kuunganisha mambo haya kama sababu na tokeo. Ndoa ya watu haisomeki kama daftari la hesabu. Lakini mfuatano wenyewe uko wazi: ukoo wa mafundi ulipovunjika, ndipo familia ya watoto ilipoanza.

## Uchambuzi

Wanaoandika juu ya Ashbee hupenda kusema aliangushwa na mashine za Birmingham. Mashine zilimuumiza, kweli. Lakini zingemuumiza hata Mile End, na huenda Mile End angenusurika. Ushirika wa mjini hukaa ndani ya soko la kazi: unapanuka na kunywea kama pafu, na hewa inayotoka huingia karakana ya jirani. Kuhama kuliondoa jirani. Kuanzia hapo kila msimu mbovu ulikula mtaji moja kwa moja, na misimu mibovu mitatu ikatosha. Mwaka 1908 Ashbee alipoketi kuandika kilichotokea, hili la fundi kukosa mlango wa pili alilitaja mwenyewe. Aliliona vizuri. Aliliona likiwa limeshapita.

Jirani wa kazi hapatikani kwa kutakiwa heri. Kama Ushirika ungehama nusu, ukaacha wafua fedha na masonara karibu na wateja na watengenezaji wenzao, ukapeleka shamba maseremala na wajenzi ambao mji wa mawe ungewahitaji kwa ukarabati, sura ya mambo ingekuwa nyingine. Si dhana tupu. Waliodumu Campden muda mrefu ni pamoja na waliofanya kazi ya ujenzi na uchongaji wa makanisa na nyumba za mkoa ule, yaani waliopata mteja wa karibu. Na Ashbee mwenyewe alipata riziki hapo kwa kukarabati nyumba za zamani, mojawapo ikiwa Norman Chapel ya Broad Campden, aliyoitengeneza kwa ajili ya mwanahistoria wa sanaa Ananda Coomaraswamy, na baadaye yeye na familia yake wakaishi humo.

Yaliyofaa ni mengi, na sitaki yazamishwe na kufilisika. Mafunzo ya kazi kwa kufanya yalitoa mafundi waliosimama wenyewe miaka 30 na 40 baadaye. Shule haikuwa pambo. Ilikuwa mahali pekee ambapo mtoto wa kibarua wa shamba na mtoto wa fundi wa London walikaa benchi moja, na kwa njia hiyo chuki ya mwanzo ikapungua. Mwakilishi wa mafundi kwenye bodi aliwafanya wajue hali ya fedha. Hawakudanganywa. Kampuni nyingi hufa huku wafanyakazi wakisoma habari hiyo mlangoni.

Kilichoshindwa kingine ni jambo ambalo halimo katika mizania yoyote. Ushirika ulihesabu mbao, fedha, mishahara na hisa. Haukuhesabu kazi ya Woolstaplers' Hall. Chakula cha wanagenzi, vitanda vya wageni waliokuja kununua au kuandika magazetini, mazoezi ya nyimbo yaliyowafanya watu 150 wajione kitu kimoja katika mji mgeni, upatanishi wa ugomvi mdogo kabla haujawa mkubwa: yote hayo yalifanywa na mwanamke wa miaka ishirini na kitu, bila mshahara, bila hisa ya kazi yake, bila kura. Jikoni za mafundi ziliendeshwa vivyo hivyo. Mtu anapotaka kujua kwa nini Campden ilikuwa na furaha huku inapata hasara, jibu moja ni kwamba furaha ile ilikuwa na mlipaji, na mlipaji huyo hakuandikwa.

Jerusalem Ashbee alirudia wazo lake kwa namna tofauti. Hakuwahamisha wafumaji kwenda kwenye utulivu. Aliwaweka ndani ya soko, mahali ambapo watu walikuwa wakipita na kununua kwa karne nyingi. Siwezi kudai kwamba alifanya hivyo kwa kumkumbuka sonara wa Campden, ila ninapoyaweka masoko yale na kiwanda cha hariri kando kwa kando, naona mtu aliyejifunza.

Shajara za Ashbee ziko King's College, Cambridge, na kwa muda mrefu zilisomwa kama shajara za mwanamume mmoja. Ndani yake zimo kurasa za Janet, mwandiko wake, macho yake, na mara nyingi yeye ndiye anayeona mtu amenuna au mama fulani amechoka pale mumewe anapoona udugu. Binti wao wa pili, Felicity, akikaribia miaka 90, aliandika maisha ya mama yake, kikatoka kitabu mwaka 2002. Nikipewa darasa la kufundisha kisa hiki, ningewaanzisha wanafunzi kwenye kurasa hizo za Janet, na hesabu za kampuni ningezifungua siku ya pili.